Kichupa cha Droo ya Juu

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya mwaka mpya ilifika imelowa kona moja, lakini maneno yako makali juu ya mpangaji wako yalisomeka yote. Baba amepata miwani, sasa anatusomea kwa sauti hata maandishi ya kwenye paketi ya sabuni. Goti la Mama limepoa. Wote wanauliza kwa nini hutaki kununua simu nyingine. Nimewajibu kama ulivyonijibu mimi, kwamba kwenye simu watu hudanganya upesi, ila kalamu humpa mtu nafasi ya kuona aibu.

Sasa nikuandikie jambo ambalo wao sijawaambia. Nimekwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili. Usishtuke, sijaanza kuongea na kuta. Unanijua tangu utoto, mimi niliyetumwa dukani nikarudi na kikapu kitupu na hadithi ndefu ya nilichokiona njiani. Hapa kiwandani nasahihisha prufu. Kazi yangu ni kuona kosa kabla kitabu hakijachapwa. Sasa fikiria mtu anayesahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho wake, ndiye huyo wamempa kazi hiyo. Msimamizi wetu, tunayemwita Rula kwa sababu hatembei bila rula yake ya chuma, alinibandika jina mbele ya watu: Bi Sahau. Miaka sita naitika.

Daktari alinihoji mara tatu, akanijazisha fomu, akasoma hata ripoti zangu za shule ya msingi. Akasema nina tatizo la umakini, nimezaliwa nalo, si uvivu wala si ujinga. Nililia pale pale kwenye kiti chake. Amenianzishia dawa ya kusisimua ubongo, kidonge kimoja kwa siku, kile cha nguvu ndogo kabisa.

Hii ni wiki ya pili. Mdomo unakauka, chakula sikitamani, usingizi unanipiga chenga. Kuna wakati moyo unadunda hadi nausikia masikioni. Lakini jana nilisoma kurasa arobaini bila kuinuka, nikakamata makosa kumi na saba. Wewe umevaa sare ya uuguzi miaka ishirini na nane. Niambie, niendelee?

Mwanao.


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wazima, mpangaji wangu bado amenuna na mimi bado nafurahia kununa kwake. Mgongo upo tu, tumezoeana.

Kwanza ujue mimi si daktari wako, na barua haipimi presha. Lakini nitakuuliza ambayo ningekuuliza wodini. Kidonge unakinywa saa ngapi? Ukikinywa saa nne asubuhi ukishamaliza umbea, usingizi utakukimbia, na kosa ni lako. Kinywe mapema, ukishakula, maana baadaye hamu ya kula haitakuja. Ukisahau cha asubuhi, acha mpaka kesho. Usikinywe jioni, na usije ukafidia kwa kunywa viwili. Kahawa yako ile nyeusi ipunguze, hiyo na dawa zinafanya kazi moja. Kila wiki pima presha na uzito, andika. Kidonge chako usimpe mtu, hata akilia. Kifungie.

Sasa la maana. Kwenye fomu ile waliuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyekufa ghafla kwa moyo. Najua uliandika hakuna. Babu yako alianguka akipiga lipu ukuta, mwiko mkononi, ana miaka arobaini na mmoja, hajawahi kuumwa hata kichwa. Wewe hukuwa umezaliwa. Rudi kwa daktari kesho, usingoje tarehe yako, mwambie hilo na la huo moyo unaodunda. Ukipata maumivu ya kifua, ukikatika pumzi au ukizimia, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ofisi inaungua.

Huyo Rula niandikie habari zake zaidi. Mimi sijamsamehe mtu yeyote tangu niache kazi, na mazoezi ninayo.

Shangazi yako.


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba na Mama wazima. Binamu wa upande wa Mama amejifungua wa kike, kilo tatu na nusu, ana sauti kubwa kuliko baba yake.

Nilikwenda kama ulivyoniagiza. Niliposema habari za Babu, daktari akanipeleka kupimwa umeme wa moyo. Moyo wangu ni mzuri, amenionyesha mwenyewe mistari yake. Nimepungua kilo mbili, presha iko pale pale. Nakula kabla ya kidonge. Chai nanywea kazini, kwa hiyo kichupa nakiweka kwenye droo ya juu ya meza yangu, nayo naifunga kwa ufunguo.

Mwezi mmoja niliishi kama watu, Shangazi. Nilianza sentensi nikaimaliza. Wenzangu waliacha kunitania. Kisha Rula akakiona kichupa. Akakishika juu katikati ya ukumbi wa mitambo, akasoma lebo, akasema, "Kumbe Bi Sahau siku hizi anaendeshwa na madawa." Watu wakacheka. Yule dada anayepanga kurasa, rafiki yangu, hakucheka, lakini pia hakunitetea.

Wiki mbili baadaye kitabu cha hesabu cha shule kikatoka, majibu ya sura nzima yamepishana. Nakala zote zikarudishwa kuwa taka. Kosa lile mimi nililiona. Nililizungushia kalamu nyekundu, nikampelekea Rula karatasi mkononi, yeye ndiye aliyetia sahihi kichapwe. Karatasi haipo. Mbele ya yule mama mwenye kiwanda alisema, "Mama, mimi sisemi mengi. Muulizeni anakunywa nini asubuhi."

Nimehamishiwa kwenye ufungaji wa vitabu. Nakaa na gundi, uzi na mashine ya kukatia karatasi. Meza ndogo, droo mbili. Na kuna kitu kingine. Vidonge vinapungua. Nilipewa thelathini tarehe moja Machi. Tarehe ishirini vimeisha. Droo haijavunjwa.

Nataka alipe. Sijui kwa vipi, ila nataka alipe.

Mwanao.


13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa mtoto.

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na penseli. Toka tarehe moja hadi ishirini ni vidonge ishirini. Kumi havipo. Usiniandikie "vinapungua" kama sukari ya jikoni. Andika kila asubuhi vilivyobaki vingapi. Tena leo hii kichupa kitoke hapo kazini. Chai kunywa nyumbani kama watu wengine.

Dawa hii huko kwenye duka la dawa inakaa kwenye kabati la kufuli na ina daftari lake. Ikiibwa, unamwambia daktari na unamwambia mwenye kiwanda kwa maandishi. Hiyo ndiyo adhabu ninayokushauri, na ni tamu: mtu anaitwa ofisini, anaulizwa, jasho linamtoka, wewe umekaa umekunja mikono. Nimewahi kuifanya. Inashibisha.

Maswali mawili. La kwanza, hasira hii ni yako au ni ya dawa? Ikikuwasha zaidi jioni kidonge kinapoisha nguvu, mwambie daktari, kuna wanaopatwa na hilo. La pili, kati ya hivyo kumi, vingapi umekunywa wewe?

Shangazi yako.


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Wote wazima, Mama anasema nimekuwa mkali siku hizi, Baba anasema nimerithi kwako.

Nitajibu. Viwili nilikunywa mimi. Siku niliyohamishwa nilifika kwenye meza mpya nikanywa kingine juu ya cha asubuhi, nikitaka wanione nafunga vitabu kuliko wote. Na siku iliyofuata tena. Sikulala hadi kesho yake, mikono ilitetemeka, na nilikuwa naongoza karatasi chini ya kisu cha mashine. Kidogo niache vidole viwili pale. Sijarudia. Hasira ni yangu. Nimeipima asubuhi kabla ya dawa, iko pale pale.

Vinane vilivyobaki nimemjua aliyevichukua. Jumatatu nilifika mapema. Kati ya ufungaji na ofisi kuna ukuta wa kioo. Rula alikuwa ameinama kwenye meza yangu, ana funguo za droo zote za kiwanda. Alimimina viwili kwenye kiganja, akavimeza na chai ya jana iliyokuwa kwenye kikombe cha mtu. Yeye, aliyekishika juu watu wacheke. Asubuhi nzima alisahihisha kama kijana, anapiga mluzi.

Sijamwambia mtu. Kichupa sijakitoa.

Shangazi, kila siku saa nne Rula anameza kidonge cha presha mbele yetu, anajisifu daktari wake alivyomkataza chumvi. Ana miaka hamsini na saba. Nakuuliza wewe kwa sababu unajua. Mtu mwenye presha ya miaka mingi akinywa dawa hii, tena ya nguvu zaidi, inamfanya nini? Na ni vingapi?

Mwanao.


15 Mei

Mwanangu,

Sikuitikii salamu.

Kuku wanataga. Mpangaji amehama. Swali lako silijibu, na usiliulize tena kwa mtu mwingine yeyote aliyevaa koti jeupe. Toa kichupa kile. Mwambie mwenye kiwanda ulichokiona kupitia kioo.

Shangazi yako.


11 Juni

Shangazi,

Shikamoo hata kama huitikii. Baba na Mama wazima. Mtoto wa binamu ameanza kucheka.

Daktari ameniongezea dawa. Alipima presha, uzito na moyo kwanza, akaridhika. Vidonge vya zamani vilikuwa vyeupe, hivi ni vya rangi ya chungwa na nguvu yake ni mara mbili. Changu nakunywa nyumbani, moja, baada ya kula. Ushauri wako naufuata wote kwa upande wangu.

Vinne vya rangi ya chungwa nimevitia kwenye kichupa cha zamani, chenye lebo ya zamani, nikakirudisha kwenye droo ya juu. Siku hizi siifungi hata kwa ufunguo. Simlazimishi mtu. Simkaribishi mtu. Ni droo yangu na dawa yangu na jina langu liko juu yake. Asiyeiba hadhuriki.

Jana alinipita akaniambia, "Bi Sahau, gundi haina herufi, huku utapaweza." Nikacheka naye. Ni cheko tamu kuliko yote niliyowahi kucheka.

Usinijibu. Nimekuandikia tu kwa sababu lazima kuwe na mtu mmoja anayejua.

Mwanao.


19 Juni

Mwanangu,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Naandika nimesimama, dereva wa gari la vifurushi ananingoja nje.

Ninyi nyote mnajua niliacha uuguzi kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu ulikuwa mzima.

Kulikuwa na daktari mmoja aliyenitukana mbele ya wagonjwa, akaniambia nikafue mashuka kwa kuwa kichwa changu hakifai kitu kingine. Nilimngoja mwaka mzima. Siku moja aliandika dozi ya dawa ya moyo, akakosea nukta. Niliiona pale pale. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea karatasi na kusema, daktari, angalia hapa. Nikaiacha. Nilitaka aumbuke kwa maandishi yake mwenyewe. Muuguzi mwanafunzi akaifuata kama ilivyoandikwa, na mimi nikaenda kupanga bandeji nikisubiri mtu aje akiita.

Mama wa kitanda cha tisa alikufa kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa fundi cherehani, alinipimia gauni akiwa amelala, akampa binti yake alishone. Daktari alifukuzwa. Nililipiza na nikashinda, mwanangu, sikupelekwa popote, hakuna aliyeniuliza. Gauni lile sijawahi kwenda kulichukua.

Sikwambii umsamehe Rula. Mimi yule daktari sijamsamehe hadi leo, nikisikia amekufa nitakula vizuri. Nakwambia usishike dawa ukiwa na hasira ya mtu. Nenda kwenye droo ile. Nenda sasa hivi, acha barua hapo hapo ulipo.

Shangazi yako.


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako sijaipata, kama uliandika. Nyumbani wazima.

Jumatano saa tano asubuhi Rula alianguka. Hakuanguka moja kwa moja. Alishika ukingo wa meza ya mwanga ya yule dada mpangaji kurasa, ile ya kioo yenye taa chini yake, uso umelowa, akasema, "Hebu fungueni dirisha." Madirisha yote yalikuwa wazi. Akajishika kifua. Rula yake ikadondoka, na mlio wake sakafuni ndio uliowafanya watu wageuke.

Nilikwenda kwenye droo kabla ya kwenda kwake. Viwili havikuwepo. Nikatia kichupa kwenye mfuko wa aproni.

Watu walikuwa wanampepea kwa prufu. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia mbele ya wote, "Waambie umekunywa nini."

Akatikisa kichwa.

"Waambie tu. Mimi najua."

"Ya presha," akasema. "Ya presha tu."

Shangazi, nilimtazama akichagua. Alikuwa anaona anaweza kufa, na akaona ni afadhali kuliko kusema. Miezi minne nilikuwa nataka kumwona hivyo, na nilipomwona nilishiba, sikufichi.

Mwenye kiwanda alitoa gari lake, mimi na yule dada tukampeleka. Tulifika saa tano na nusu. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Akamuuliza anatumia dawa gani, akasema ya presha. "Nyingine?" Akasema hakuna. Yule dada akanitazama mimi, sijui aliona nini usoni mwangu.

Nikatoa kichupa nikampa daktari. Nikamwambia amekunywa viwili vya humu, ni dawa yangu, amekuwa akiiba. Rula akafumba macho. Yule dada akasema, "Kumbe." Saa sita kasoro kumi wakamchoma sindano, mapigo ya moyo yakaanza kushuka. Amelazwa. Wanasema atapona.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nilisema.

Mwanao.


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kuku mmoja ameliwa na mbwa wa jirani, nimeshazungumza na jirani.

Barua zetu zilipishana. Yangu sasa unayo, umeshaisoma, na haturudii yaliyomo.

Mlifika saa tano na nusu. Sindano saa sita kasoro kumi. Dakika ishirini kwa mgonjwa wa kifua ambaye daktari wake ameshaambiwa kila kitu ni nyingi mno. Na kichupa ulichompa kina lebo ya zamani. Yule binti alisoma nguvu ndogo. Ulimwambia lini kwamba lebo ni ya uongo?

Shangazi yako.


28 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba na Mama wazima, nao sasa wanajua yote. Nimewaambia mimi mwenyewe. Baba alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mama ndiye anayekaa na dawa yangu, ameifungia kwenye kasha lake, ananipa kidonge kimoja asubuhi nikishamaliza chakula na anasimama hadi nimeze. Daktari wangu pia nimemwambia. Alikasirika kwa sauti ndogo. Nilidhani ataninyima. Akasema dawa haina kosa, ila sasa nachukua ya wiki moja moja, na siku ninayokwenda kuchukua tunaongea saa nzima habari za hasira yangu.

Swali lako. Dakika kumi na moja. Kulikuwa na saa ya ukutani juu ya kitanda. Nilimpa kichupa, akasoma lebo, akaniuliza, "Viwili vya hivi?" nikasema ndiyo. Akawa anashangaa kwa nini presha iko juu hivyo kwa dozi ndogo namna ile, akaanza kutafuta ugonjwa mwingine, akaagiza vipimo. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikimwangalia Rula anavyong'ang'ania nguzo za kitanda. Nilijiambia dakika moja zaidi. Kisha nikajiambia tena. Barua yako ilikuwa bado njiani, kwa hiyo siwezi kusema niliokolewa na wewe wala na fundi cherehani wako. Kilichotokea ni kwamba Rula aliomba maji, na hakumwomba daktari wala yule dada. Aliniita mimi kwa jina langu, lile la kweli, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Nikasema, "Daktari, lebo si yake. Vya ndani vina nguvu mara mbili. Nilivibadilisha mimi." Ndipo wakaleta sindano.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona. Nilimweleza tena kwa mdomo wangu kwamba nilivitega. Alikuwa anamenya yai, hakuacha kulimenya.

"Niliona rangi imebadilika," akasema. "Nilidhani umepewa bora zaidi. Nikasema leo bahati yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa daktari akapata dawa yake. Akasema daktari angemwambia hana tatizo la umakini, ana uzee. Macho yake hayakamati nukta tena, anasoma mstari mmoja mara tatu. Kosa la kitabu cha hesabu alipelekewa karatasi na hakuliona, hata lilivyokuwa limezungushiwa wekundu. Alidhani nimelizungushia jibu lililo sahihi. Alipogundua, aliichana.

"Siku ile ulipocheka nami," akasema, "nilijua kuna kitu."

"Na bado ukanywa."

"Nilikuwa na prufu mia mbili mezani."

Sikumsamehe. Naye hakuniomba. Nilimwambia ninataka aseme yale ya karatasi mbele ya watu wale wale waliocheka, ukumbini, kwa maandishi, asije akapunguza. Akasema, "Na wewe utasema yako." Nikasema nitasema.

Mwenye kiwanda tulimweleza wote wawili siku moja, tumekaa viti viwili kama watoto waliopigana shuleni. Alitaka kutufukuza sote. Mwishowe Rula amevuliwa usimamizi, anakaa stoo anapokea karatasi. Mimi nimesimamishwa mwezi mmoja, kisha nirudi kwenye gundi hadi mwisho wa mwaka, hata kama kosa la kitabu halikuwa langu. Nimekubali. Yule dada mpangaji kurasa hataki nikae karibu na kikombe chake. Hilo limeniuma kuliko gundi.

Jana asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Watu walikusanyika kati ya mitambo miwili, na mmoja ulikuwa bado unafanya kazi kwa sababu kuna oda ya haraka. Rula alisimama na karatasi yake. Amekonda. Alisoma kwamba kosa la kitabu lilikuwa lake, kwamba nililiona nikampelekea, kwamba aliichana karatasi, kwamba aliiba dawa yangu mara sita huku akiniita mtu wa madawa. Alisoma vizuri, bila kuruka.

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Nilisikia kila neno. Nikapaza sauti, "Sikusikia."

Watu wakageuka kunitazama. Rula akainua karatasi, akasoma yote tena, kwa sauti kubwa zaidi, hadi shingo ikatoka mishipa. Nilifurahi, Shangazi. Sitakudanganya kwenye karatasi.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikaenda mbele nikasoma yangu: vidonge, kichupa, lebo, hospitali. Zile dakika kumi na moja pia. Ule mtambo mmoja ulikuwa bado unapiga. Nilipomaliza nikakunja karatasi.

Rula alikuwa ameketi kwenye kiti walichomwekea, hatua tatu kutoka kwangu. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikia," akasema.

Nikaikunjua.

Mwanao.